Waliokesha Ndio Waulizwe

Ukitaka kujua kama mgonjwa wa saratani alihudumiwa vyema hadi pumzi yake ya mwisho, muulize daktari, kagua faili, hesabu dawa zilizotolewa. Usiiulize familia. Familia imefiwa, ina uchungu, haikusomea udaktari, na kumbukumbu zake zimechanganyika na machozi. Hiyo ndiyo hoja inayotawala katika hospitali zetu, katika idara za afya za kaunti na katika kumbi za mihadhara. Wanaoishikilia si watu wabaya. Wengi ni wauguzi na matabibu waliochoka, wanaohudumia wagonjwa kupita uwezo wao, na wanahofia kwamba wafiwa wakipewa nafasi ya kusema watakachosema ni lawama tu. Nawaheshimu. Lakini wamekosea, na kosa lao linawaumiza wagonjwa walio hai leo hii Kitengela, Isinya, Ongata Rongai, Namanga na Loitokitok, katika kaunti ya Kajiado.

Tuanze na tarakimu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya 44,726, na kwamba watu 29,317 walifariki kwa ugonjwa huo mwaka huohuo. Kwa kila wagonjwa watatu wapya, vifo karibu viwili. Katika nchi ya namna hiyo, kuwasindikiza wanaokufa ni sehemu kubwa ya kazi ya saratani, tutake tusitake. Na sehemu hiyo ndiyo tusiyoipima. Tunahesabu mashine za mionzi, vitanda, wagonjwa waliopewa kemo, madai yaliyolipwa. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kila mtu aliambiwa kifurushi cha saratani ni shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na nyingine 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu fedha za kwanza zikiisha. Kiasi hicho tunakijua kwa shilingi kamili. Ila mama aliyekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, hatujui kama usiku wake wa mwisho alikuwa na mofini au alikuwa akiuma leso.

Nitaambiwa kuna sanduku la maoni. Kweli, lipo, limepigiliwa ukutani karibu na mkataba wa huduma, na huwasubiri wanaorudi. Mgonjwa wa malaria aliyepona hurudi siku nyingine na mtoto wa kikohozi, akiwa na la kusema atalisema. Aliyekufa harudi, na jamaa zake hawana sababu ya kukanyaga tena wodi ile isipokuwa kulipa bili. Kwa hiyo kila kipimo cha kuridhika kwa wagonjwa tulicho nacho kimeundwa kwa sauti za walionusurika, halafu tunakisoma kana kwamba kinatueleza habari za wote.

Wapo wanaojibu kwa methali: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Maana yao ni kwamba aliyeteseka peke yake ndiye angeweza kusema, na huyo hayupo, basi yameisha. Methali ni ya kweli kwa yale yaliyo ndani ya kaburi. Yaliyotangulia kaburi yana mashahidi. Yuko aliyemgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, na yuko aliyepiga simu kliniki Jumamosi jioni chupa ya mofini ilipobakiza kijiko kimoja. Yuko pia aliyekodi gari saa nane za usiku kutoka Kitengela hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, kilomita zipatazo thelathini, akaambiwa mlangoni kwamba wodi imejaa.

Hapo ndipo hoja ya utaalamu inapoanguka. Daktari bingwa humwona mgonjwa wake kliniki kwa dakika chache, kila baada ya wiki tatu, na mgonjwa wa aina hii mara nyingi hujikaza mbele ya daktari. Atasema anaendelea vizuri. Atasema maumivu si mabaya. Akifika nyumbani ndipo hulia. Awe anatoka Ongata Rongai, awe anatoka katikati ya mji wa Kitengela au manyatta ya mbali Mashuuru, siku zake nyingi za mwisho hupita mahali ambapo hakuna daktari wala faili. Kinachoandikwa kwenye faili ni yaliyotokea hospitalini. Kati ya kliniki moja na nyingine kuna wiki nzima za maisha ambazo hakuna karatasi inayozieleza, na familia ndiyo iliyoziishi. Sasa utaalamu gani unaozidi kuwapo?

Wanasayansi hawakuliacha jambo hili kwenye kubahatisha. Mwaka 2003 Christine McPherson na Julia Addington-Hall walichapisha uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha maelezo ya wagonjwa wenyewe na ya jamaa zao. Walichokuta hakiwapendelei wapinzani wangu, wala hakinipi mimi kila nitakacho. Kuhusu huduma zilivyotolewa, na kuhusu dalili zinazoonekana kwa macho, jamaa walikuwa mashahidi wa kuaminika. Kuhusu yaliyo moyoni, kama hofu na huzuni, na pia kuhusu ukali wa maumivu, maelezo yao yalitofautiana zaidi na ya mgonjwa. Ninalikubali hilo lote. Funzo lake ni kuuliza vizuri. Usimuulize binti, "Baba alisikia maumivu kiasi gani?" Muulize: je, kuna usiku baba alipiga kelele kwa maumivu? Ulimpa dawa gani? Ilikuwapo nyumbani? Ilipoisha, ulipata nyingine baada ya muda gani? Hayo aliyaona kwa macho yake, na hakuna mtu mwingine duniani anayeyajua.

Kuna nchi iliyowahi kuziamini karatasi kuliko watu, nayo ni Uingereza, ambayo wataalamu wetu wengi huitazama kama kielelezo. Hospitali ya Stafford ilipandishwa hadhi mwaka 2008 baada ya kupita vipimo vyote vilivyohitajika. Wakati huohuo wagonjwa wake, wazee wengi miongoni mwao, walikuwa wakiachwa na kiu na kulazwa kwenye mashuka machafu. Waliofichua hayo walikuwa wafiwa. Julie Bailey, ambaye mama yake alifia hapo mwaka 2007, aliwakusanya wenzake wakapiga kelele hadi serikali ikaunda uchunguzi, na ripoti ya Robert Francis ya mwaka 2013 ikathibitisha waliyokuwa wakiyasema. Mwaka huohuo tume ya Julia Neuberger ilichunguza Mwongozo wa Liverpool, utaratibu uliobuniwa kwa nia njema kabisa ili kila anayekufa hospitalini apate utulivu wa hospisi. Tume iligundua kwamba ukitumiwa na watu waliofunzwa ulisaidia. Lakini katika wodi nyingi uligeuka kazi ya kutia alama kwenye visanduku: visanduku vimejaa, huku familia hazikuambiwa kwamba mtu wao anakufa, na nyingine zikiona ndugu yao ananyimwa hata maji. Mwongozo ukaondolewa mwaka uliofuata. Ni familia zilizotoa habari ambayo fomu ziliificha.

Uingereza hiyohiyo ilikuwa imeanza kuuliza. Kuanzia 2011 hadi 2015 Ofisi ya Takwimu ya Taifa ilituma dodoso la VOICES kwa watu wapatao 49,000 kila mwaka, wale walioandikisha vifo vya jamaa zao miezi michache kabla, na zaidi ya 20,000 walijibu. Moja ya matokeo yake linapaswa kutukosesha usingizi hapa kwetu: wagonjwa waliofia hospisi ndio waliotulizwa maumivu vizuri zaidi, na waliofia nyumbani ndio waliotulizwa kwa uchache zaidi. Nyumbani, mahali ambapo sote tunapasifu. Nyumbani, ambako hospitali zetu humpeleka mgonjwa na maneno ya kwamba akapumzike na watu wake. Kama hali ni hiyo katika nchi yenye wauguzi wa kutembelea nyumba kwa nyumba, ni nini kinachotokea katika chumba cha kupanga nyuma ya soko la Kitengela? Hakuna anayejua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Nije kwenye hoja ya uchungu. Husemwa kwamba mfiwa ana hasira, atamlaumu yeyote, na majibu yake yatakuwa hukumu ya moyo uliovunjika. Nimekaa na wafiwa wengi wa kutosha kuona kwamba hapa kwetu tatizo liko upande wa pili. Wakenya waliofiwa hushukuru. Huwashukuru madaktari, wauguzi, mchungaji, majirani, hata dereva wa gari la maiti. Husema Mungu alimpenda zaidi. Mtu ambaye ndugu yake alikaa siku nne bila dawa ya maumivu atakuambia kwa unyenyekevu kamili kwamba hospitali ilijitahidi. Wengine huogopa kwamba wakisema neno, mama yao aliyebaki hatahudumiwa atakapougua. Wengine hawakujua kamwe kwamba maumivu ya saratani yanaweza kutulizwa, kwa hiyo wanaona yaliyotokea ndiyo hali ya ugonjwa.

Ndiyo maana dodoso la kuridhika halifai, na waliolitumia wakatangaza kwamba asilimia kubwa ya wafiwa wameridhika wamejidanganya na kutudanganya. Ukimuuliza mfiwa wa Kajiado kama aliridhika, umempa nafasi ya kuonyesha adabu, naye ataonyesha adabu. Joan Teno na wenzake kule Marekani walilitambua tatizo hili mapema. Mahojiano waliyowaandalia wafiwa yanauliza lililotokea: je, dawa ya maumivu aliyopewa mgonjwa ilikuwa nyingi kupita kiasi, kidogo kupita kiasi au ya kutosha? Kuna daktari aliyewaeleza kitakachofuata? Mlipewa habari zinazopingana kuhusu matibabu? Majibu ya maswali hayo hayapotoshwi kwa urahisi na shukrani wala na hasira, kwa sababu hayaombi hukumu.

Basi wanaoshindwa hapo hukimbilia utamaduni. Mwafrika, wanasema, haongelei kifo. Nashangaa watu hawa walihudhuria mazishi gani. Katika mazishi mengi ya Kenya, mtu wa familia husimama mbele ya umati, akashika kipaza sauti, akasimulia historia ya ugonjwa: lini ulianza, zahanati gani ya kwanza, walivyoambiwa ni vidonda vya tumbo, walivyohamishwa, aliyewapima upya, mwezi waliopata jina la ugonjwa, usiku wa mwisho. Husimuliwa kwa tarehe na majina ya hospitali. Watu mia tatu husikiliza kimya chini ya hema. Huo ni ushuhuda kamili wa ubora wa huduma, unatolewa hadharani kila Ijumaa na Jumamosi, na mfumo wetu wa afya haujawahi kutuma hata mtu mmoja mwenye kalamu akauandike. Na kabla ya hapo kulikuwa na kamati ya mazishi, na kabla ya kamati kundi la WhatsApp la mchango wa matibabu, ambamo kila bili ilitumwa ikiwa picha. Familia zetu zimehifadhi rekodi. Ni sisi tusiozitaka.

Sisemi kwamba miiko haipo. Kwa wazee wengi wa Kimaasai, kulitaja ovyo jina la aliyekufa ni jambo lisilofaa, na kijana wa Nairobi anayefika boma na tarakilishi yake akaanza kwa kusoma jina la marehemu atafukuzwa, na atastahili. Lakini hakuna ulazima wa kulitaja. Swali linaweza kusemwa kwa Kimaa, na mtu mzima anayejua kuingia bomani, akauliza habari za "mgonjwa wenu" na za huduma waliyopewa. Mwiko unatufundisha namna ya kuuliza, kama vile kila mgeni mwenye heshima anavyojifunza. Kuutumia kama sababu ya kutouliza kabisa ni kuwanyima Wamaasai wa Kajiado nafasi ambayo watu wa London wamepewa, kisha kuiita hatua hiyo heshima.

Wapo pia wanaohofia kwamba maswali yatatonesha kidonda. Hofu hiyo ni ya upole na inastahili jibu la upole. Ezekiel Emanuel na wenzake waliwahoji wagonjwa mahututi na walezi wao nchini Marekani kuhusu kifo na msiba, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba wengi mno hawakuona mazungumzo hayo kuwa mzigo, na wengi waliyaona yamewasaidia. Kinachoumiza ni kuuliza vibaya: wiki moja baada ya mazishi, kwa haraka, kwa simu isiyojulikana, bila kumpa mtu ruhusa ya kukataa. Miezi mitatu hadi sita baada ya maziko, kwa ridhaa, na mtu aliyefunzwa kunyamaza mfiwa anapolia, ni jambo lingine.

Lakini tusichukue dodoso la Waingereza tukalibandika Kitengela. Mwaka 2003 Scott Murray, Elizabeth Grant na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa 20 wa Uskoti na 24 wa Kenya waliohudumiwa eneo la Chogoria, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, pamoja na walezi wao. Waskoti walikuwa na dawa za maumivu na huduma za bure, na mateso yao makubwa yalikuwa ya moyoni: kukabili kifo. Wakenya walizungukwa na familia, majirani na kanisa, na wengi walikikubali kifo. Mateso yao yalikuwa maumivu ya mwili yasiyotulizwa, na gharama. Huo ni utafiti mdogo, wa zaidi ya miaka ishirini, na bado sijaona kauli iliyo sahihi zaidi kuhusu kufa kwa saratani nchini mwetu. Maana yake kwa wapimaji ni wazi. Dodoso letu lianze na maumivu na fedha. Liulize kama familia iliuza ng'ombe, kiwanja au mashine ya kushona ili kulipia kemo ambayo hakuna aliyewaambia kwamba haingeponya. Liulize kama mwili ulizuiliwa mochari kwa sababu ya bili. Hakuna dodoso la Ulaya lenye swali hilo, na hakuna swali ambalo wafiwa wa Kenya wangelijibu kwa uhakika zaidi.

Afrika tayari imeanza njia. Chama cha Tiba Shufaa (tiba ya kutuliza mateso) cha Afrika, chenye makao Kampala, kilitengeneza kipimo chenye maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya mlezi, kikajaribiwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Asiyejua kusoma hujibu kwa vidole: ngumi ni sifuri, mkono wazi ni tano. Ni kazi nzuri, na wauguzi wa hospisi zetu wanaijua. Upungufu wake ni kwamba maswali huisha mgonjwa anapokufa, wakati sehemu ngumu kuliko zote ndiyo imefika. Pia humfikia yule aliyekwisha kupata tiba shufaa. Hospisi ya Nairobi imekuwapo tangu 1990, na wagonjwa waliofika pale wana wa kuwasemea. Asiyefika popote hana.

Na hao ndio ninaowataka. Kenya huandikisha vifo kwa fomu mbili, D1 kwa kifo cha hospitalini na D2 kwa kifo cha nyumbani, ambayo hupitia kwa naibu chifu kabla ya kibali cha mazishi. Kwenye rejista hizo kuna jina la aliyetoa taarifa, kama lilivyokuwa kwenye orodha ya Waingereza. Msajili anaweza kumwomba huyo ruhusa ya kutembelewa baadaye, kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Rejista zina mapengo, hasa kule mifugo inakohamahama, na chanzo cha kifo kwenye D2 mara nyingi ni maneno ya jumla. Kwa hiyo anza na vifo vyote vya watu wazima, kisha uliza maradhi yalikuwa nini. Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa na simu tangu Septemba 2023, wanazijua nyumba zenye msiba kuliko ofisi yoyote. Waonyeshe njia. Wasihoji wao, wala muuguzi wa hospitali inayopimwa asihoji, kwa sababu mfiwa hatamwambia jirani yake kwamba jirani hakuja.

Hoja ya mwisho ni ya fedha: shilingi ya utafiti ingenunua mofini. Mwaka 2010 Human Rights Watch walieleza jinsi mofini ilivyokosekana katika hospitali nyingi za umma za Kenya, ingawa ni dawa ya bei nafuu. Tangu hapo miongozo imeandikwa na vitengo vya tiba shufaa vimefunguliwa. Je, chupa zinafika Mashuuru? Ghala litakuambia zimetoka. Aliyekaa kando ya kitanda ndiye atakayekuambia kama zimefika, na kama alifundishwa kuipima dawa, na kama mtu alimwonya kwamba mgonjwa atafunga choo ampe dawa ya hilo pia. Kununua dawa bila kujua hayo ndiko kupoteza shilingi.

Kajiado, kaunti yenye watu 1,117,840 kwa sensa ya 2019, yenye mji unaopanuka kama Kitengela na malisho yanayofika mpaka wa Tanzania, ndipo pa kuanzia, kwa kuwa mgawanyiko wote wa nchi uko ndani yake. Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013. Sheria inaitaka serikali ya kaunti iwasilishe bungeni mkakati wake wa fedha kufikia 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na iwashirikishe wananchi. Majibu ya wafiwa yawe mezani kabla ya tarehe hiyo ya Februari, yakitajwa kwa kila kaunti ndogo, yakiwa na idadi ya waliokataa na wasiopatikana. Kamati ya afya ya bunge la kaunti iyasome pamoja na wakuu wa hospitali. Wafiwa wanaotaka kuwapo waalikwe na walipiwe nauli, na mstari wa bajeti wa mofini na wa wauguzi wa kutembelea wagonjwa nyumbani ujadiliwe siku hiyohiyo wakiwa ndani ya ukumbi.